Sakafu ya Darasa la Sita

Jumamosi ya pili ya Novemba, saa tatu asubuhi, komite ya Shule ya Msingi Tufike ilikutana katika darasa la nne, kwa kuwa darasa la sita lilikuwa na shida. Walifika watu saba. Dorine Mwaba, mshonaji wa nguo za shule na katibu wa komite, alijibana kwenye dawati la mbele, akaandika tarehe, akapiga mstari kwa rula, kisha akaandika ajenda kama Direkta Adalbert, mkuu wa shule, alivyozitaja. Moja, mlango wa choo cha wasichana. Mbili, mbuzi wa jirani wanaokula maua. Tatu, sakafu ya darasa la sita.

Mlango wa choo ulichukua saa nzima. Mbuzi, nusu saa. Ilipofika zamu ya sakafu, Madame Nkandu, mwalimu wa darasa hilo, alieleza kwamba tangu mvua ya kwanza ilikuwa ikishuka kiasi cha shibiri moja kila juma. Haikupasuka wala kuinama. Ilishuka sawasawa, pamoja na madawati, meza yake na ndoo ya maji, kama sinia inayotuliwa na mtu mwangalifu. Kuta na bati zilibaki mahali pake. Ubao nao ulibaki ukutani, na sasa watoto wafupi walikuwa wakinyoosha shingo kama kuku anayekunywa maji.

"Unaomba nini, Madame?" aliuliza Direkta.

"Ngazi, Papa Direkta. Na muntu wa kushusha ubao."

Komite ikaamua zijengwe ngazi tatu za matofali, na ubao ushushwe. Dorine akaandika. Hakuna aliyependekeza watoto wahamishwe, maana hapakuwa na pa kuwahamishia. Madarasa yote sita yalijaa asubuhi, na mchana yakajaa tena.

Wala hakuna aliyeuliza kwa nini sakafu inashuka. Wote saba walijua. Nyuma ya vyoo, ng'ambo ya ua wa mabati, kooperative ya wachimbaji ilikuwa ikitoa mawe ya shaba tangu Machi, na njia zake za chini zilikuwa zimekwisha kupita vyoo, zikapita mlingoti wa bendera, zikaingia chini ya madarasa. Machi hiyohiyo komini, ofisi ya serikali ya mtaa, ilikuwa imeiandikia komite kuuliza kama ina pingamizi. Kooperative ilikuwa imeahidi mabati mapya ya madarasa mawili. Komite ilijibu kwa sentensi moja, na sentensi hiyo iliandikwa na Dorine kwa ule mwandiko wake mzuri, wa kulala kidogo, aliofundishwa na masista: Komite haina pingamizi.

Aliiandika mara moja, bila kufuta. Jioni yake, akisonga bukari, ndipo mwiko ulipomtoka mkononi.

Ilikuwa hivi. Mume wake, Floribert, alikuwa mtoto wa fundi wa reli, na babu yake pia alikuwa mtu wa reli, aliyeteremka kutoka Kabalo na misalaba miwili ya mbao na mke mmoja. Reli ilipokosa kazi ya kumpa, Floribert aliingia shimoni kama vijana wengine wa mtaa, upande wa pili wa njia ya treni, mita mia tatu kutoka shuleni, katika shimo ambalo njia zake za chini zilielekea shuleni. Miaka tisa iliyopita, siku ya Jumanne, shimo lilijifunga wakiwa tisa ndani. Komini ilituma watu wawili na karatasi. Karatasi ilisema kwamba mahali pale hapakuwa na ruhusa ya kuchimba, na kwa hiyo hapakuwa na shimo, na kwa kuwa hapakuwa na shimo, hapakuwa na mtu ndani yake. Familia tisa zilifanya kilio bila jeneza. Padri aliombea picha. Dorine hakupata cheti cha kifo, na tangu siku hiyo, kwenye kila karatasi ya serikali, hakuwa mjane na hakuwa mke. Kiwanja alichokaa kilikuwa bado cha Floribert, ambaye hakuwa amekufa na hakuwa ameonekana. Wakati ule mtoto wao, Keren, alikuwa na miaka miwili, akilala mgongoni. Sasa alikuwa na kumi na moja, na alisoma darasa la sita.

Sakafu iliendelea. Krismasi ilipofika ngazi za matofali hazikutosha, na komite ikaidhinisha ngazi ya mbao. Februari ikaidhinisha nyingine ndefu zaidi, iliyoazimwa parokiani, ile ya kubadilishia taa za kanisa. Kuta za udongo zilikuwa nyekundu juu, kisha njano, kisha zikaanza kuonyesha mishipa ya kijani. Kwa kuwa mwanga haukufika chini, Direkta Adalbert alichukua bati moja katika yale mapya ya kooperative, akaliegemeza dirishani, nalo likarusha jua mpaka kwenye ubao. Watoto walipapenda. Asubuhi za baridi chini kulikuwa na joto, na kelele za malori hazikusikika. Inspekta wa shule alipokuja alisimama ukingoni, akauliza kwa sauti saba mara nane ni ngapi, sauti arobaini zikamjibu kutoka chini, naye akaandika katika ripoti yake kwamba nidhamu ni nzuri.

Juma la pili la Machi, siku ya Jumatatu, Keren alirudi nyumbani, akaweka mfuko wake kitini, akanywa maji.

"Mama," alisema, "papa iko mu kalasi."

"Papa gani?"

"Papa yangu. Beko tisa. Tulishuka asubuhi, tukabakuta banakaa ku ukuta. Madame akabaambia batoshe kofia, baingie ku banc ya nyuma. Anasema umutumie shati. Yake ilioza."

Dorine aliendelea kushona mpaka mwisho wa pindo, kwa sababu pindo likiachwa katikati huvutana. Kisha akazima cherehani. Nguo za Floribert zilikuwa zimegawanywa siku ya kumaliza kilio, kama inavyotakiwa. Shati la samawati lilikwenda kwa mdogo wake, suruali mbili kwa wajomba, koti likaenda Mokambo na binamu asiyerudi. Hakukuwa na kitu cha kumtumia. Basi akachukua kitambaa cheupe cha nguo za shule, akakikata kwa kukumbuka, na kwa siku mbili akashona shati la mtu mzima.

Siku ya Alhamisi, saa ya mapumziko, watoto walipopanda kwenda kucheza, Dorine aliteremka. Alihesabu vipande vya ngazi, vilikuwa ishirini na viwili. Wanaume tisa walikuwa wameketi kwenye madawati ya nyuma, wamejikunja, magoti juu, wamejaa vumbi la kijani mpaka kwenye kope. Aliwajua wote. Osée, aliyekuwa akipiga gitaa kwaya ya pili, alimpungia mkono. Floribert akainuka.

"Jambo, Mama Keren."

"Jambo, Papa Keren."

Alikuwa na miaka ishirini na minane, kama siku ile. Dorine alikuwa na thelathini na mitano. Walitazamana kidogo.

"Unavaa miwani," Floribert alisema.

"Sindano ilimaliza macho."

Akampa shati. Floribert alilivaa akiwa amempa mgongo, kwa adabu, kisha akageuka. Mabega ya shati yaliteremka hadi karibu na viwiko. Dorine alikuwa amemkumbuka mkubwa kuliko alivyokuwa.

"Iko muzuri," alisema Floribert, akakunja mikono ya shati. "Inaingiza hewa."

Waliketi kwenye dawati moja. Alimuuliza habari za mama yake, Dorine akamwambia alikufa mwaka wa pili, kwa presha. Alimuuliza kama paa la jikoni lilirekebishwa. Lilirekebishwa. Akauliza kama kuna mwanaume mwingine nyumbani, Dorine akasema hakuna, alikuwepo mmoja aliyetaka, mwalimu wa kule Kasapa, lakini padri alidai cheti. Floribert akatikisa kichwa, kama mtu anayesikia habari za jirani.

"Uliumia?" Dorine aliuliza mwishowe. Swali hilo alikuwa nalo miaka tisa.

"Hapana. Hakuna mwenye aliumia. Mawe iliangukia ku mulango tu. Ku ndani kulikuwa muzuri. Tulikuwa na maji kidogo, na mikate ya Osée. Tukakaa."

"Siku ngapi?"

"Osée alikuwa na saa. Siku ine. Tulikuwa tunagonga na nyundo, mumoja anapumuzika, mwingine anagonga. Siku ya ine tukasikia mashini kule yulu. Ah, tulifurahi! Tukasema, banakuya, banakuya kutuokoa. Osée akaimba."

Dorine aliijua mashine ile. Ilikuwa tingatinga la njano, lililotumwa na komini kufunika shimo ambalo halikuwepo, ili watoto wa mtaa wasije wakatumbukia. Siku hiyo alikuwa amesimama pembeni, Keren mgongoni, akafikiri kwamba angalau mtu anawafunika. Jua lilikuwa kali. Alikuwa amemletea dereva maji ya kunywa.

"Mulisikia sisi?" Floribert aliuliza.

"Mashini ilikuwa na makelele."

"Eyo," alisema Floribert. "Ilikuwa na makelele."

Kengele ililia juu, na watoto wakaanza kuteremka mmoja mmoja, soli za viatu mbele. Dorine akangoja ngazi iwe wazi. Alipokuwa akipanda aliangalia chini mara moja. Keren alikuwa ameketi kando ya baba yake, amefungua kitabu cha hesabu kati yao, kidole kwenye mstari. Floribert aliachia shule darasa la tano, na hesabu za sehemu hakuwahi kufundishwa.

Kuanzia hapo wake wengine na mama wengine wakawa wanateremka saa ya mapumziko, na vyungu vidogo. Wanaume walishukuru, wakanusa chakula, hawakula. Walikuwa wamejaribu kupanda. Kila mmoja alifika kipande cha nne cha ngazi, kisha akajikuta ameketi tena kwenye dawati lake. Madame Nkandu aliomba wasijaribu wakati wa somo, kwa kuwa watoto walipoteza mstari. Walitii. Walikuwa wanafunzi wazuri, alisema, isipokuwa Osée, aliyekuwa akinong'oneza majibu.

Dorine aliandika barua. Aliiandika mara nne mpaka ikawa haina kosa. Aliorodhesha majina tisa, na tarehe za kuzaliwa alizozichukua kwao wenyewe, na siku nne, na nyundo, na tingatinga. Aliomba mambo mawili. Kwanza, vyeti tisa vya kifo. Pili, pachimbwe kutoka ukuta wa nyuma wa darasa, mita mbili tu kama wanaume wenyewe walivyoonyesha, mifupa itolewe, izikwe. Komite iliisoma mwezi wa Aprili. Direkta Adalbert aliisoma mara mbili, akavua miwani yake, akaifuta, akaisoma tena.

"Mama Keren, hii barua iko ya kweli," alisema.

"Iko ya kweli."

"Njo sababu inanitisha." Lakini akagonga muhuri wa shule, na barua ikaenda.

Komini ilijibu upesi kuliko desturi, baada ya majuma mawili, kwa kumtuma Bwana Aristote wa ofisi ya raia. Alikuwa mtu mpole, wa viatu safi, mwenye mkoba wa ngozi ya bandia. Alivua viatu ili avilinde, akateremka na soksi. Alisalimia watoto, akasalimia wanaume tisa kwa mkono, mmoja mmoja, akaomba vitambulisho. Sita walikuwa na kadi za kupiga kura, zimefifia, lakini nambari zilisomeka. Alizinakili zote. Akamuuliza kila mmoja alizaliwa wapi, baba nani, mama nani. Akamuuliza Floribert kama anathibitisha kwamba amekufa.

"Minathibitisha, chef."

"Ulijiona?"

"Taa ilikuwa imezima."

Bwana Aristote aliandika hilo. Kisha akamgeukia Dorine, aliyekuwa amesimama chini ya ngazi na daftari lake, akaeleza kwa sauti ya chini, kama daktari. Kifo hutangazwa ndani ya siku tisini. Miaka tisa ikipita, panahitajika hukumu ya korti. Korti itataka shahidi aliyeona, na marehemu hawezi kuwa shahidi wa kifo chake mwenyewe. Zaidi ya hayo, mahali pa kifo lazima paandikwe, na mahali penyewe, katika vitabu vya komini, hapakuwa na shimo. Kuhusu kuchimba mita mbili, hilo lilihitaji ruhusa, na ruhusa yote ya chini ya ardhi katika eneo hilo ilikuwa ya kooperative, kwa kuwa komite ilisema haina pingamizi. Alikuwa na nakala mkobani. Alimwonyesha. Dorine aliutazama mwandiko wake.

"Lakini bako hapa," alisema. "Unabashika mukono."

"Nimebashika, mama. Siwezi kuandika ya kwamba habako." Bwana Aristote alifikiri kweli, uso wake ukaonyesha hivyo. "Minaweza kubaandika kitu kimoya. Beko mu kalasi, banakaa ku banc, banafwata masomo. Minaweza kubaandika sawa banafunzi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya kupanda alijaza fomu tisa za watu wazima wanaorudi shuleni, wanaume wakatia sahihi, Osée kwa maua pembeni, na idadi ya darasa la sita ikatoka arobaini ikawa arobaini na tisa. Floribert alimwambia Dorine kwamba haikuwa mbaya sana. Alikuwa hajaandikwa mahali popote kwa muda mrefu.

Mei barua nyingine ilifika. Komini ilikuwa imesoma ripoti ya mtumishi wake na kuona kwamba darasa limefika kina kisichofaa kwa watoto. Baada ya mtihani wa taifa litajazwa udongo, na kooperative itatoa tingatinga pamoja na saruji ya sakafu mpya. Komite ilitakiwa iseme kama ina pingamizi.

Mkutano ulikuwa mfupi. Mzazi mmoja alisema watoto wake wawili watasoma humo mwaka ujao, na yeye anataka sakafu. Mwingine akasema hivyohivyo. Direkta Adalbert hakumwangalia Dorine alipokuwa akisema.

"Mama Keren, sikia. Miye niko na batoto mia tano mu hii masomo. Ngazi ikivunjika siku moya, nitaambia bamama nini? Bale kule chini balishakufa. Haba batoto beko bazima."

"Na bale balikuwa bazima, Papa Direkta. Siku ine."

Nje mbuzi wa jirani walikuwa wakila maua.

"Unaona namna ingine?" aliuliza Direkta, na aliuliza kweli, kama mtu anayetumaini ataonyeshwa.

Dorine aliwaza ngazi, akawaza mita mbili, akawaza korti na wakili na shahidi. Akawaza Keren akiteremka asubuhi, soli mbele. "Hapana," alisema. "Lakini siandiki ile maneno."

Kwenye daftari aliandika majina tisa, kila moja kwenye mstari wake, akafunga kalamu. Direkta Adalbert akachukua karatasi nyingine, akaandika mwenyewe sentensi inayohitajika, kwa mwandiko wake wa kukwaruza. Mikono sita iliinuliwa. Barua ikaenda.

Dorine ndiye aliyewaambia wale tisa. Waliisikiliza habari hiyo wakiwa wameketi sawasawa, kama watu wanaosomewa matokeo. Mmoja aliuliza kama ni tingatinga lilelile. Dorine hakujua.

"Batoto batoke kwanza," alisema Floribert.

"Batatoka. Ni kisha mutihani."

"Basi." Aliitazama mikono yake. "Keren anajua sehemu muzuri. Anakosaka ku kugawa tu. Umuambie ageuze ile sehemu ya pili."

Dorine alimwambia. Keren alifanya mtihani wa taifa mwanzoni mwa Juni, na ulipofika ukurasa wa kugawa, akageuza ile ya pili. Siku ya mwisho ya masomo alikuwa wa mwisho kupanda ngazi. Mama yake, aliyemngoja ukingoni, aliona kwamba alikuwa amemwachia baba yake kitabu cha hesabu, na kwamba macho yake yalikuwa makavu na mdomo wake umekazwa, kama wa mtu mkubwa. Walitembea nyumbani, wakapita kununua majani ya sombe.

Tingatinga lilikuja Jumatatu ya pili ya Julai, saa nne, asubuhi ya baridi, vumbi likiwa limelala juu ya majani yote ya mtaa. Ukuta mmoja wa darasa ulikuwa umebomolewa ili lipite. Dorine alikuja na kigoda chake, akaketi ukingoni. Wake wanne wengine walikuja, na mama yake Osée, aliyeshikwa mkono kwa kuwa alikuwa haoni tena. Dereva alikuwa mtu mzima, mwenye mvi ndevuni, na jina lake, Dédé, lilikuwa limeandikwa kwenye kofia. Alizima injini alipowaona.

"Bamama, jambo yenu. Kuko muntu mule chini?"

"Beko," alisema Dorine. "Tisa."

Dédé akatoa karatasi mfukoni, akaisoma. "Karatasi inasema hakuna."

"Angalia."

Akateremka kwenye mashine, akaja mpaka ukingoni, akainama, mikono juu ya magoti. Chini kabisa, katika mwanga wa bati, wanaume tisa walikuwa kwenye madawati, nyuso zimeinuliwa. Mmoja wao alikuwa na shati jeupe. Kwenye ubao bado kulikuwa na tarehe ya somo la mwisho, kwa mkono wa Madame Nkandu.

"Jambo, bapapa," aliita Dédé.

"Jambo sana," wakajibu kwa pamoja.

Dédé alivua kofia yake. Alisimama hivyo kidogo, kisha akaenda pembeni, akapiga simu. Alizungumza kwa muda mrefu, akiwa amewapa mgongo. Walimsikia akisema, "Nimebaona na macho yangu, chef," na tena, "Tisa," na tena, "Eyo, chef. Eyo." Alirudi akaketi chini, si kwenye mashine bali kwenye udongo, karibu na Dorine, na hakufanya kazi mpaka saa sita. Pengine alitarajia simu ilie. Haikulia. Mke wa mmoja wa wale tisa alikuwa na chupa ya maji, akaitazama, akaiacha mfukoni.

Saa sita Dédé akainuka.

"Munisamehe, bamama," alisema.

Alikwenda tena ukingoni, akawaambia na wale wa chini, "Munisamehe, bapapa," na Floribert, ambaye siku zote alikuwa mtu wa kuondolea wengine aibu, alinyoosha mkono kumwonyesha kwamba amesikia. Injini ikawaka. Mama yake Osée aliuliza ni sauti gani ile, Dorine akamwambia ni mashini. Kikongwe akasema, "Ah, banakuya," kwa kuwa mwanawe alikuwa amemsimulia. Dorine akamshika mkono. Udongo wa kwanza ulianguka kwenye madawati ya mbele, ambayo hayakuwa na mtu. Tingatinga lilikwenda na kurudi mara nyingi. Kutoka chini, kwa muda, ilisikika sauti ya wanaume wakirudia jambo kwa pamoja, nayo haikuwa sala. Ilikuwa saba mara moja, saba mara mbili. Walifika mbali. Dorine alihesabu nao mpaka mashine ilipomshinda.

Saruji ilimwagwa Agosti. Ilikuwa sakafu nzuri, laini, na haikushuka, kwa kuwa kooperative ilikuwa imemaliza mawe ya upande huo na kuhamia chini ya soko. Direkta Adalbert alipofunga vitabu vya mwaka aliwaandika wale tisa kuwa wanarudia darasa, maana hawakufanya mtihani, na hapakuwa na safu nyingine ya kuwaweka. Dorine alijiuzulu ukatibu. Alichaguliwa mama mmoja mwenye mwandiko wa kawaida.

Keren alifaulu kwa asilimia sabini na nne. Jumatatu ya kwanza ya Septemba alikwenda na mama yake kujiandikisha sekondari, upande wa Hewa Bora, katika ua uliojaa wazazi na watoto waliovaa soksi mpya. Foleni ilikuwa ndefu. Walipofika mezani, katibu wa shule, msichana mmoja aitwaye Syntiche, aliwapa fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Keren alijaza jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, parokia. Kwenye mstari wa baba aliandika jina lote, taratibu. Chini yake fomu ilisema: *yuko hai / amekufa*, kata lisilohusika. Keren aliinua kalamu, akamtazama mama yake.

Nyuma yao mtu alikohoa. Dorine alivua miwani, akaivaa tena, akausoma mstari ule kutoka mwanzo.

"Usikate kitu," alisema. "Andika pembeni: iko ku masomo."

Keren akaandika. Syntiche akaisoma fomu kutoka juu mpaka chini, midomo ikicheza, akaona kwamba kila mstari umejazwa. Akagonga muhuri, akaiweka juu ya zile nyingine, akaita jina lililofuata.